Lete na wenzake

Mama yangu, kule Soni, Lushoto, hakubali kutaja jina la harage moja. Umpelekee punje kiganjani umuulize, "Mama, hii mbegu gani?", ataishika, ataigeuza, ataisogeza karibu na jicho, kisha atakurudishia. "Lete na wenzake." Ukimletea kopo zima akalimwaga kwenye ungo, hapo vidole vyake vinaingia kazini: hii Lyamungu, hii ya njano tuliyopewa na shangazi yako, hii imetuingilia kutoka shamba la jirani, hii siijui, itoke. Wekundu uliokuwa mmoja kiganjani unakuwa wekundu wa aina tatu ukikaa pamoja kwenye ungo.

Nimemkumbuka sana mwezi huu. Nimekuwa nikiandika upya lebo za makangaga yangu, na karibu kila lebo ninayoifuta ni ya jani nililolitazama peke yake.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: naishi Duluth, Minnesota, pale Ziwa Superior linapoishia upande wa magharibi. Usiku nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku mbili kwa wiki, nikishalala kidogo, naenda kujitolea kwenye hebaria, yaani makabati ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake: nani aliuchuma, wapi, lini. Aliyenipeleka huko ni mwalimu mstaafu wa biolojia, mama wa miaka themanini na kitu. Mimi namwita Bibi, naye ameshazoea kuitika. Yeye ndiye aliyenionyesha Botrychium, kangaga dogo sana, kwa mara ya kwanza, pembeni mwa barabara ya zamani ya wakata magogo. Alipiga magoti, akanyamaza kama dakika mbili, kisha akaanza kuchomeka vijiti. Alipofika kijiti cha tisa mimi nilikuwa bado sijaona hata kimoja cha hivyo alivyokuwa akivionyesha.

Wewe uliyekulia Usambara, kangaga unalolijua ni lile la bondeni lenye majani marefu kuliko mkono wako. Lisahau kwa sasa. Botrychium linatoa jani moja tu kwa mwaka. Jani hilo linagawanyika mara mbili: upande mmoja ni bapa la kijani lenye vipande vidogo pembeni, ambavyo naviita vibawa, upande wa pili ni kikonyo kilichobeba vidonge vya spora, vimesongamana kama kishada cha zabibu. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la kishada hicho. Mengi ninayokutana nayo hayazidi urefu wa kidole changu cha kati, na mengine hayafiki hata kiungo cha pili. Spishi mashuhuri ya Ulaya ina vibawa mfano wa nusu mwezi, ndiyo maana mwaka 1753 mwanabotania Linnaeus aliiita lunaria, kwa neno la Kilatini la mwezi. Waingereza wa kale waliamini kwamba inafungua makufuli, na kwamba farasi akiikanyaga kiatu chake cha chuma kinamtoka. Mimi nimeyapa jina la makangaga-mwezi na ndivyo nitakavyoyaita humu.

Taabu ni kwamba yako ya namna nyingi, na mengi yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Halafu jani lenyewe halikai na sura moja. Likiota kivulini linarefuka na kulegea, likiota juani linakuwa nene na fupi. Mwaka wa ukame linatoa vibawa viwili, mwaka wa mvua vitano. Likiwa changa halifanani na lilivyo likikomaa. Likikauka kwenye karatasi linajikunja, na ile rangi ya mbichi, ambayo ni nusu ya utambulisho wake, inapotea kabisa. Kwa hiyo mtu akikuletea jani moja lililokauka, lililochumwa na mtu mwingine, miaka arobaini iliyopita, akakuuliza ni spishi gani, amekuletea punje moja ya harage.

Si ajabu basi kwamba wanabotania walibishana muda mrefu. Mwaka 1927 Bruda Marie-Victorin wa Quebec alieleza spishi mpya kutoka visiwa vya Mingan, kwenye ghuba ya mto Saint Lawrence, akaiita Botrychium minganense. Wengine hawakukubali, wakaishusha, ikawa aina ndogo tu ndani ya lunaria. Vibawa vyake ni vyembamba zaidi, ndiyo, lakini vyembamba kiasi gani ndipo viwe spishi nyingine? Jibu lilitoka ndani ya seli. Mwaka 1956 Warren H. Wagner wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na mwenzake Lord, walichukua mimea ya namna zote mbili iliyoota Michigan wakazihesabu kromosomu zake. Lunaria: 45 ndani ya kila spora. Minganense: 90. Bruda alikuwa ameona sawasawa kwa macho matupu, miaka karibu thelathini kabla ya hesabu.

Wagner na mkewe Florence, naye mwanasayansi wa makangaga, waliendelea na mimea hii kwa miongo mingi, hadi Wagner alipofariki mwaka 2000. Spishi nyingi za Amerika Kaskazini tunazozitaja leo zilipewa majina nao au na wenzao. Lakini kwangu mimi zawadi yao kubwa kuliko majina yote ni makala waliyoitoa mwaka 1983, ambamo walieleza jambo walilolitumia kama kifaa cha kazi: makangaga-mwezi hupenda kuota kwa jamii. Ukipata spishi moja mahali, kaa chini, maana huenda ziko mbili nyingine, tatu, hata zaidi, kwenye eneo la ukubwa wa sebule. Na hapo ndipo unapoweza kuzitenganisha. Udongo ni ule ule, jua lile lile, mvua ile ile, baridi ile ile. Kama jani hili na jani lile, yamesimama sentimita ishirini mbali, yanatofautiana kwa umbo, na huoni ya katikati yanayoyaunganisha, basi huwezi tena kusingizia kivuli wala ukame. Tofauti hiyo ni ya kurithi.

Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi natoka kazini alfajiri, nikasema kwa sauti, "Ungo!" Dereva akanitazama kwenye kioo.

Ungo wangu mimi uko kaskazini mwa hapa, kwenye ukanda wa migodi ya chuma. Wanaposaga mawe ya takonaiti kupata chuma, kinachobaki ni mchanga laini wa kijivu uliochanganyika na maji, nao humwagwa kwenye mabwawa makubwa yaliyozungushiwa kingo. Maji yakikauka panabaki uwanda. Miaka inapita, inaota miti midogo ya jamii ya mpopla na mierebi, majani yanaanguka, kuvu wanaingia kwenye udongo. Kisha, bila mtu kuyapanda, makangaga-mwezi yanafika. Spora zake ni vumbi linalobebwa na upepo. Watafiti wameyakuta ya spishi kadhaa kwenye mabwawa hayo, mahali ambapo mtu angesema hapaoti kitu cha maana. Tunaingia kwa ruhusa ya wenye mgodi, tumevaa kofia ngumu na vizibao vya kung'aa, na Bibi anabebewa kiti chake cha kukunja.

Siku moja ya Juni tulilala kifudifudi hapo kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Kwenye kipande ambacho ningeweza kukifunika kwa kanga mbili nilihesabu majani thelathini na moja. Simplex, ambalo kikonyo chake cha spora hutengana na bapa chini kabisa, karibu na ardhi. Matricariifolium, lenye bapa lililochanika kama jani la mchicha-mwitu lililoliwa na panzi, na kijishina chake kirefu. Minganense, na vibawa vyake mfano wa pepeo dogo la kujipepea, robo ya duara au chini ya hapo. Campestre, nene, fupi, limeshaanza kugeuka njano kwa sababu lenyewe huamka mapema kuliko wenzake wote. Na katikati yao, majani manne yaliyopauka, ya kijani chenye maziwa, kama yamepakwa nta.

"Hayo je?" Bibi akaniuliza.

"Minganense machanga."

Hakunisahihisha. Alisema tu, "Binti, minganense liko pale mbele ya pua yako. Yatazame yote mawili."

Niliyatazama. Ya nta yalikuwa madogo, vibawa vya chini vimepasuka sehemu mbili zisizolingana, ile ya juu kubwa kuliko ya chini, na kila kibawa kimejikunja kidogo katikati kama kiganja kinachopokea maji. Lile la jirani halikuwa na hata moja ya hizo dalili. Lilikuwa Botrychium pallidum, spishi iliyopewa jina na akina Wagner mwaka 1990 tu. Na hapo moyo wangu ukaanza kunienda mbio, kwa sababu nilikuwa nimeliona jani la namna hiyo mahali pengine.

Miaka mitatu kabla, nikiwa mgeni kwenye kazi hii, nilichuma jani moja kando ya njia ya msituni, peke yake, hapakuwa na jingine. Nikalikausha, nikalibandika, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Botrychium minganense. Lebo ile iliwekwa kabatini. Mtu mwingine akaja akainakili kwenye kompyuta. Kosa langu likawa nukta kwenye ramani.

Wiki hiyo hiyo nililitoa kabatini. Rangi ilikuwa imekwisha, vibawa vimejikunja, kwa macho sikuweza kuapa. Lakini jani lilikuwa limekomaa na vidonge vyake vilikuwa na spora. Hapa kuna njia nzuri isiyohitaji maabara kubwa: mmea wenye kromosomu mara mbili huwa na seli kubwa zaidi, na spora zake pia huwa kubwa. Pallidum lina 45, minganense lina 90. Nilikung'uta vumbi kidogo la jani langu kwenye kioo, nikakung'uta na la minganense lisilo na shaka kwenye kioo cha pili, nikavitazama kimoja baada ya kingine kwenye hadubini, kipimo kile kile. Spora za jani langu zilikuwa ndogo waziwazi. Nilikaa pale nikitazama kwa muda mrefu. Kisha nikaandika kijikaratasi kipya cha utambuzi, nikakibandika chini ya kile cha zamani. Kwenye hebaria lebo ya kwanza haitupwi. Inabaki pale ili atakayekuja aone njia uliyopita. Ninaposema nimefuta lebo, maana yake ni hiyo.

Nimeulizwa na rafiki mmoja hapa: kama vinafanana kiasi hicho, kwa nini visiitwe kitu kimoja tu, yaishe? Swali hilo ni la haki na nataka nilijibu vizuri, kwa sababu jibu liko chini ya ardhi.

Spora ya kangaga-mwezi haioti kwenye mwanga. Lazima ididimie gizani udongoni. Huko inatoa kimmea kidogo kisicho na kijani chochote, kisichoweza kujitengenezea chakula. Kinalishwa na kuvu wanaoishi ndani yake. Kimmea hicho kina mbegu za kiume na yai, vyote viwili, na mbegu za kiume zinahitaji maji ili ziogelee. Sasa fikiria: umezikwa, umezungukwa na udongo, na yai la karibu kuliko yote ni lako mwenyewe. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Mtoto anayezaliwa ana mzazi mmoja, na nakala mbili za kila jeni zinazofanana kabisa. Baada ya hapo anakaa gizani miaka kadhaa kabla ya kutoa jani la kwanza juu. Hata akiwa mtu mzima, kuna miaka haonekani kabisa, analishwa na kuvu wake huko chini. Kwa hiyo ninapohesabu majani simjui kila aliyepo. Nawajua waliotoka mwaka huo.

Kwa maisha ya namna hiyo, ile kanuni tuliyofundishwa shuleni, kwamba spishi ni viumbe wanaozaana wao kwa wao, haitusaidii sana. Karibu kila mmoja anazaa peke yake. Lakini pia inaeleza kwa nini tofauti ndogo zina uzito. Ukoo unaojizalia wenyewe, unaoota umechanganyika na ukoo mwingine kwenye meza ile ile ya udongo, na bado hauchanganyiki nao, una historia yake yenyewe. Umbo dogo la kibawa ni alama ya historia hiyo, kama kabila la mtu linavyosikika kwenye lafudhi yake.

Kisha kuna zile siku chache mno ambapo mlango unafunguka. Mvua inanyesha, udongo unajaa, vimmea viwili vya spishi mbili vimegusana, mbegu ya huyu inaogelea hadi kwenye yai la yule. Anazaliwa chotara mwenye 45 za mama na 45 za baba zisizojuana. Zikifika wakati wa kutengeneza spora hazipati za kujipanga nazo, na spora zinaharibika. Chotara huyo mara nyingi ndio mwisho wake. Lakini ikitokea kromosomu zote zikajirudufu, kila moja inapata pacha wake, spora zinakuwa nzima, zenye 90, na hapo hapo, kwa mkupuo mmoja, spishi mpya imesimama ambayo haiwezi tena kurudi kwa mama wala kwa baba. Sehemu kubwa ya makangaga-mwezi tunayoyafahamu yalianza hivyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Minnesota hii hii. Upande wa kaskazini-magharibi, wilaya ya Norman, kuna kilima cha nyasi kiitwacho Frenchman's Bluff. Mwaka 1991 Donald Farrar wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa na Cindy Johnson-Groh walieleza spishi kutoka hapo, wakaiita Botrychium gallicomontanum: la mlima wa Mfaransa. Ni mtoto wa campestre na simplex. Ilithibitishwaje? Kwa vimeng'enya, zile protini zinazoendesha kazi za seli. Kipande cha jani kinapondwa, maji yake yananyonywa na kijikaratasi, kijikaratasi kinachomekwa kwenye jeli ya wanga, umeme unapitishwa kwa saa kadhaa. Kila kimeng'enya kinatembea kwa mwendo wake. Ukimwaga rangi, unaona mistari. Campestre ina mstari wake, simplex ina wake. Gallicomontanum ina yote miwili, na inayo kwa kila mmea, si kwa mmoja mmoja. Kwa viumbe wanaojizalia wenyewe, mistari miwili isiyokosekana ina maana moja: wazazi wawili wanaishi ndani ya mtoto, hawajaachana.

Nilikwenda huko mwezi Mei, mwendo wa karibu saa nne kwa gari. Sikuchuma kitu, ni mahali panapolindwa. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba nilijifunga mtandio mara mbili. Nilikuwa na picha za wazazi wote wawili kwenye simu na nikatafuta kwa magoti kwenye nyasi fupi za mwaka jana, nikapata moja. Moja tu. Unene wa campestre, na kitu cha simplex kwenye namna bapa lilivyojishika kwenye kikonyo. Unapoujua ukoo wa mtu, unaanza kuona pua ya baba na paji la uso la mama; usipoujua unaona uso tu.

Na hapa kuna jambo kuhusu Wagner ambalo halijaacha kunigusa. Akiwa kijana alishughulikia jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ya makangaga ya Hawaii iitwayo Diellia, na kutokana na kazi hiyo akabuni njia ya kupanga spishi kuanzia sura ya asili hadi zilizobadilika zaidi. Mwaka 1969 Kluge na Farris waliigeuza njia hiyo kuwa hesabu inayoweza kupigwa na kompyuta, na mti wa ukoo unaotokana nayo ukaitwa mti wa Wagner. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1954, aliyachora makangaga ya jenasi Asplenium ya milima ya Appalachia, na hakuchora mti. Alichora wavu: spishi tatu za asili, montanum, platyneuron na rhizophyllum, na kati ya kila mbili mtoto wao. Matawi yaliyoachana yakakutana tena. Aliyewapa wenzake mti alijua mahali ambapo mti hautoshi, akasema hivyo mapema.

Siku hizi DNA imeongeza macho. Kwa makangaga, kloroplasti, zile chembe za kijani ndani ya seli za jani, kwa kawaida hurithiwa kwa mama, kwa hiyo ukisoma DNA yake unamjua mama, na ukisoma ile ya kwenye kiini cha seli unawajua wote wawili. Mwaka 2017 Benjamin Dauphin wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, na wenzake akiwemo Farrar, walitoa ukoo wa makangaga-mwezi ya dunia nzima kwa kutumia DNA, na ndani yake zikajitokeza koo ambazo macho yalikuwa yamezipita. Mwaka huo huo Mary Stensvold na Farrar walilipasua jina la lunaria lenyewe. Mimea mingi ya Amerika Kaskazini tuliyokuwa tukiiita kwa jina hilo la Linnaeus sasa ni Botrychium neolunaria. Nina karatasi kumi na nne za kubadilisha kwa sababu hiyo peke yake, nami nazibadilisha kwa furaha.

Juzi mdogo wangu wa kiume amenitumia picha kwa WhatsApp kutoka Soni, kajani kamoja ka kijani kwenye majani mafupi yenye unyevu, na kijiti cha spora kimesimama katikati. Nilimpigia papo hapo.

"Shikamoo dada. Umeliona?"

"Marahaba. Nimeliona, nimelia."

Ni Ophioglossum, ulimi wa nyoka, wa familia moja na makangaga-mwezi yangu. Mmoja wa jenasi hiyo, Ophioglossum reticulatum, ambao unaota pia Afrika Mashariki, ndio uliohesabiwa kromosomu nyingi kuliko mmea mwingine wowote unaojulikana: hadi 1440 kwenye mimea ya India. Sisi watu tuna 46. Sijamwambia kuwa ni reticulatum, kwa sababu jenasi hiyo nayo ina ndugu wanaofanana na picha ilikuwa moja. Nimemwomba arudi na rula, apige jani hilo kwa mbele na kwa nyuma, kisha apige na mengine yote yaliyo ndani ya hatua tano, asichume. Amesema atamchukua mama waende wote, mama anaijua ile njia ya bondeni. Nasubiri.

Kuna moja linaloninyima usingizi, nalo ni Botrychium mormo. Wagner aliliita hivyo mwaka 1981 kwa jina la zimwi la Kigiriki la kutishia watoto, kwa kuwa ni dogo, nene, la rangi ya kijani-njano, na linajificha kwenye majani makavu chini ya miti ya mepo, ile inayokamuliwa sharubati tamu. Miaka mingine halitokezi hata juu ya majani hayo. Linapatikana Minnesota, Wisconsin na Michigan. Na majani makavu yanayolihifadhi yanaliwa na nyungunyungu.

Mama alinifundisha kwamba udongo wenye nyungunyungu ni udongo wenye baraka, na Soni ni kweli. Hapa misitu hii iliota upya baada ya barafu kuu kuyeyuka, na haikuwa na nyungunyungu wake wenyewe. Hawa wa sasa ni wa kutoka Ulaya, walikuja na walowezi na udongo wa mimea yao, na wanaendelea kusambazwa na wavuvi wanaomwaga chambo kilichobaki. Wanapoingia, lile zulia la majani yanayooza taratibu, ambamo kuvu na vimmea vya chini ya ardhi vinaishi, linaliwa mpaka udongo unabaki mtupu. Utafiti wa Michael Gundale uliotoka mwaka 2002, uliofanywa katika msitu wa taifa wa Chippewa, ulionyesha kwamba mahali mormo lilipotoweka palihusiana na nyungunyungu hao. Ukienda kuvua huku, tafadhali, chambo kilichobaki kitupe kwenye pipa la taka, usikimwage msituni.

Tuna vijiti kumi na viwili vya mormo kwenye kipande kimoja cha msitu, kila kijiti mahali jani lilipowahi kuonekana. Mwaka juzi yalitoka matano. Mwaka jana hakutoka hata moja, na nilipofukua kwa vidole kando kidogo ya kijiti cha nne nilimkuta nyungunyungu mmoja, mwekundu. Inawezekana mormo lipo bado, gizani, kwa kuvu wake. Bibi anasema amewahi kuliona likirudi baada ya kimya kirefu kuliko hicho.

Mwaka huu theluji imechelewa kwisha. Tumepanga kwenda wiki ya mwisho ya Agosti, majani ya mepo hayajaanza kuanguka. Nimeshanunua betri za taa ya kichwani, maana pale chini ya miti ni giza hata mchana, na Bibi ameshonea kiti chake kitambaa kipya.